Ndiyo ya Novemba, hapana ya Machi: kisa cha Bernard Herrmann na muziki wa Torn Curtain

Mwishoni mwa Machi 1966, katika studio ya Goldwyn huko Hollywood, iliketi okestra ambayo haikupangwa kama okestra nyingine. Filimbi 12. Pembe za shaba 16. Tromboni 9, tuba 2, seti 2 za ngoma za timpani, selo 8 na besi 8 kubwa za nyuzi. Fidla haikuwepo hata moja, wala viola. Aliyewahi kukaa mbele ya kikundi cha taarab cha Unguja anajua fidla zinavyoubeba wimbo na kuupeleka moyoni. Sasa ziondoe zote, uache mashaba mazito na pumzi ya filimbi juu yake, na chini kabisa nyuzi nene zinazonguruma.

Aliyeandika muziki huo na kusimama kuuongoza alikuwa Bernard Herrmann, mwenye umri wa miaka 54. Muziki ulikuwa wa Torn Curtain, filamu ya 50 ya mwongozaji Alfred Hitchcock, kisa cha kijasusi walichoigiza Paul Newman na Julie Andrews. Kipande cha ufunguzi kilipokamilika, kama walivyosimulia baadhi ya waliokuwepo, wanamuziki walipiga makofi. Kisha Hitchcock akafika, akasikiliza ufunguzi huo, akasema hicho sicho alichoagiza. Kazi ikasimamishwa. Herrmann akafungasha karatasi zake, na muziki wa filamu ukapewa mtunzi mwingine, Mwingereza John Addison. Herrmann na Hitchcock hawakufanya kazi pamoja tena.

Wanaokisimulia kisa hiki hupenda kukimaliza haraka kwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo hainiridhishi, kwa sababu hawa walikaa. Kuanzia The Trouble with Harry ya mwaka 1955 hadi Marnie ya mwaka 1964, Herrmann alimwandikia Hitchcock muziki wa filamu 7, zikiwemo Vertigo, North by Northwest na Psycho. Wote wawili walikuwa wakali tangu siku ya kwanza, tena Herrmann alijulikana Hollywood nzima kwa ulimi wake mchungu. Kama ukali peke yake ungetosha kuwatenganisha, wasingemaliza hata filamu ya pili. Kilichowatenganisha mwaka 1966 ni kitu kingine, na ninakitafuta kwa hamu kwa sababu mimi mwenyewe hutunga muziki wa michezo ya jukwaani na tamthilia za televisheni, na naona karibu kila mtunzi wa kazi hii anapita mahali hapo siku moja.

Mtu aliyefinyangwa na redio

Herrmann alizaliwa New York mwaka 1911. Kazi yake ya kwanza ya kudumu aliipata kwenye redio ya CBS mwaka 1934, na hapo pana mengi ya kujifunza kuhusu yaliyotokea baadaye. Mchezo wa redio hauna picha. Mtunzi anapewa sekunde chache za kumhamisha msikilizaji kutoka sebuleni hadi makaburini, na kesho yake kuna mchezo mwingine unasubiri. Huwezi kukuza wimbo mrefu wenye kupanda na kutua. Herrmann akajifunza kujenga kwa vijipande: noti mbili, tatu, zinarudiwa, zinahamishwa kutoka chombo hiki kwenda kile, mpaka msikilizaji anashikwa na wasiwasi na hajui umeingilia wapi. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, mwigizaji na mwongozaji Orson Welles aliporusha hewani ule mchezo wa uvamizi wa viumbe kutoka Mars, aliyekuwa akiongoza okestra ni Herrmann. Welles alipokwenda Hollywood kutengeneza Citizen Kane (1941), alimchukua. Mwaka huohuo Herrmann aliandika muziki wa filamu nyingine, All That Money Can Buy, uliompa tuzo ya Oscar, ya kwanza na ya mwisho maishani mwake.

Kuna tabia moja aliyokuja nayo kutoka redioni na hakuiacha. Kwa kawaida ya Hollywood, mtunzi alikuwa akichora mchoro wa muziki, halafu mafundi wengine wanaugawa kwa vyombo: fidla hapa, tarumbeta pale. Herrmann aliyachukulia hayo kama aibu. Aliandika kila noti ya kila chombo kwa mkono wake. The Day the Earth Stood Still (1951) aliipa theremini 2, chombo cha umeme kinacholia bila kuguswa. Journey to the Center of the Earth (1959) aliiwekea ogani 5. Psycho akaipa vyombo vya nyuzi peke yake. Kwa hiyo kwa mtu huyu uchaguzi wa vyombo ulikuwa ndio utunzi wenyewe. Ukimwambia abadilishe vyombo, aongeze ngoma kidogo ili vijana wafurahi, unamwambia atupe wimbo wote aanze upya. Nadhani watayarishaji wengi, hata leo, hawalijui jambo hili kuhusu watunzi wanaowaajiri.

Televisheni nayo aliifanyia kazi kubwa. Muziki wa mwanzo wa The Twilight Zone katika msimu wake wa kwanza, 1959, ni wake (ule unaokumbukwa na wengi, wa gitaa linalokwaruza, ulikuja baadaye na ni wa Marius Constant). Aliandika opera ndogo mbili za televisheni pamoja na mwandishi wa tamthilia Maxwell Anderson, na kati ya 1963 na 1965 aliandikia muziki vipindi 17 vya The Alfred Hitchcock Hour. Maana yake hata pale sinema zilipopumzika, wawili hawa walikuwa wakifanya kazi chini ya jina lilelile.

Mara ya kwanza alipokaidi

Mwaka 1960 Hitchcock alikuwa ametengeneza Psycho kwa fedha za kampuni yake mwenyewe, kama dola 800,000, akitumia kikosi kilichozoea kupiga vipindi vyake vya televisheni. Alipoiona imeunganishwa, moyo ulimshuka. Kwa simulizi ya Herrmann, Hitchcock alifikia kuwaza kuikata iwe kipindi cha saa moja cha televisheni, yaishe. Agizo lake kuhusu muziki lilikuwa wazi: lile onyesho la bafuni, ambapo Marion Crane anachomwa kisu, lisiwe na muziki hata kidogo. Maji, mayowe, basi.

Herrmann akaandika muziki wa onyesho hilo hata hivyo. Kisha akampigia Hitchcock mara mbili, bila muziki na kwa muziki. Hitchcock akakubali palepale. Ni zile fidla zinazopiga kelele kama ndege waliofungiwa, ambazo hata mtu asiyewahi kuitazama filamu hiyo anazijua. Hitchcock baadaye alitamka kwamba theluthi ya nguvu ya Psycho ilitokana na muziki.

Nataka tuangalie kwa nini ukaidi huo ulifaulu, maana sababu zake ni mbili na zote zitahitajika mbele. Ya kwanza iko ndani ya onyesho lenyewe. Bafuni pale kamera haionyeshi kisu kikiingia. Inaonyesha vipande vipande, mkono, pazia, maji, mdomo. Jicho linanyimwa, na muziki unampa msikilizaji kile jicho ilichonyimwa. Palikuwa na nafasi ya muziki, na Herrmann aliiona kabla ya mwenye filamu. Sababu ya pili iko nje ya onyesho: mwenye pesa na mwenye uamuzi walikuwa mtu mmoja. Hitchcock hakuhitaji kumwuliza yeyote. Akiguswa yeye, kazi imepita.

Na kabla hatujamchukulia Herrmann kuwa mtu aliyetaka muziki wake usikike kila mahali, tukumbuke The Birds ya mwaka 1963. Filamu hiyo haina muziki wa okestra kabisa. Ina sauti za ndege zilizotengenezwa kwa chombo cha umeme huko Ujerumani, na Herrmann alikuwamo kama mshauri wa sauti, akasimamia ukimya huo bila kununa. Alijua kunyamaza alipoona kunyamaza kuna maana.

Telegramu mbili

Marnie ilipotoka mwaka 1964 haikupokelewa vizuri, na kuanzia hapo mambo yanaanza kumkaba Hitchcock kutoka pande nyingi. George Tomasini, mhariri aliyekata filamu zake kubwa, alifariki mwezi Novemba mwaka huo. Robert Burks, mpiga picha wake wa siku zote, hakuwamo kwenye Torn Curtain. Na fedha sasa zilikuwa za Universal. Hitchcock alikuwa ameikabidhi kampuni mama ya studio hiyo haki za Psycho na za vipindi vyake vya televisheni, akalipwa hisa. Akawa miongoni mwa wanahisa wake wakubwa, mtu tajiri sana, na kwa utajiri uleule akapoteza uhuru aliokuwa nao siku zile za dola 800,000. Studio ndiyo iliyowataka Newman na Andrews, nyota wa bei ghali. Studio ilitaka pia muziki unaouzika.

Tusiwaone wakuu wa studio kama wajinga. Walikuwa wakitazama mahesabu. Wimbo wa Doris Day katika The Man Who Knew Too Much (1956), filamu ya Hitchcock huyohuyo, ulichukua Oscar na kuimbwa dunia nzima. Haukuandikwa na Herrmann, uliandikwa na Jay Livingston na Ray Evans. Mtunzi Henry Mancini alikuwa amefanya hivyohivyo kwa wimbo wa Moon River mwaka 1961. Mwishoni mwa 1965 ikaja Doctor Zhivago, na wimbo wake ukauza santuri kwa wingi. Filamu yenye wimbo ilikuwa ikijitangaza yenyewe redioni bila kulipia tangazo. Okestra ya pembe 16 haiwezi kuimbwa na mtu akifua nguo.

Novemba 1965 Hitchcock alimpelekea Herrmann telegramu ndefu. Nimeisoma mara nyingi na kila mara naiona ni ya mtu anayebanwa. Anasema amesikitishwa na muziki wa Joy in the Morning, filamu nyingine ambayo Herrmann alikuwa ametoka kuifanyia kazi, kwamba umerudia mtindo wa zamani na unafanana mno na ule wa Marnie. Anasema watazamaji wamebadilika, ni vijana, wana nguvu, wanadai. Anasema wao wawili hawana tena uhuru wa kufanya watakavyo. Na anataka muziki wenye mdundo. Ni maneno makali, lakini hayakufichwa. Mwajiri amesema anachotaka, na amekisema miezi mingi kabla ya siku ya kurekodi.

Sasa jibu la Herrmann. Ukimjua mtu huyu ungetarajia telegramu ya moto. Aliyewahi kufokea watayarishaji na wakosoaji bila kumchagua mtu angejibu: siandiki muziki wa dansi, tafuta mwingine. Hakujibu hivyo. Alijibu kwamba atafurahi kuandika muziki wenye mdundo na nguvu, kwamba sikuzote hupenda kupata maoni ya Hitchcock, na apelekewe mwongozo wa filamu ili aanze.

Mimi nafikiri kisa kizima kimelala hapa, kwenye jibu hili la upole. Ile ghadhabu ya Machi, iliyokuja kuwa hadithi, ni matokeo tu. Herrmann alikuwa mkali kila siku ya maisha yake isipokuwa siku moja ambayo ukali ungemsaidia.

Kwa nini alikubali? Ndoa yake ya pili ilikuwa imevunjika karibu na wakati huo. Kazi za Hollywood zilikuwa zikipungua kwa watu wa mtindo wake. Hayo yana uzito. Lakini naona sababu kubwa zaidi ni Psycho. Alikuwa na ushahidi mkononi kwamba mtu huyu huagiza hivi na kufurahia vile. Aliagiza kimya, nikampa fidla, akanishukuru. Basi aagize mdundo, nitampa ninachojua kinafaa, na akikisikia atanishukuru tena. Ushindi wa mwaka 1960 ulimfundisha kwamba agizo la Hitchcock ni mwanzo tu wa mazungumzo. Nalo lilikuwa hivyo kweli, wakati ule.

Mimi limenipata, kwa kiwango cha huku kwetu. Mtayarishaji wa tamthilia moja ya televisheni aliniambia kwenye simu anataka muziki "wa kuchangamka" kwenye kisa cha mama anayemzika mwanawe. Nikamwambia, "Sawa, kaka, nimekuelewa." Sikumwelewa, na sikukusudia kumtii. Niliandika marimba peke yake, taratibu, nikiamini akilisikia atalia. Siku ya kipindi kurushwa nilikaa na watu wa nyumbani mbele ya televisheni, tukasikia wimbo wa mtu mwingine. Hasira yangu ilikuwa kubwa na iliendelea kwa miezi. Ilichukua muda mrefu kukubali kwamba kaka yule hakunidanganya. Mimi ndiye niliyesema sawa.

Onyesho la shambani

Ndani ya Torn Curtain kuna onyesho ambalo karibu linarudia lile la bafuni. Mwanasayansi wa Kimarekani, Newman, amejifanya amehamia upande wa Ujerumani Mashariki. Gromek, askari wa usalama anayemfuatilia, anamgundua akiwa kwenye nyumba ya shambani. Lazima afe. Newman na mke wa mkulima wanamuua, na kumuua kunachukua muda mrefu mno: kisu kinavunjika, anapigwa miguu kwa koleo, mwisho wanamburuta hadi kwenye jiko na kukiingiza kichwa chake kwenye tanuri la gesi. Hitchcock alitaka kuonyesha jinsi ilivyo kazi ngumu kumuua mtu, tofauti na filamu za kijasusi ambamo watu hufa kwa risasi moja.

Agizo lilikuwa lilelile: hapa pasiwe na muziki. Na Herrmann akafanya lilelile: akaandika muziki.

Umehifadhiwa, na onyesho hilo unaweza kulitazama leo pamoja nao. Ni muziki wa kutisha, mashaba yanagongana kama milango ya chuma, na mimi ni mpenzi wake kuliko vipande vyake vingi. Lakini nimelitazama onyesho mara nyingi kwa njia zote mbili na nimelazimika kukiri kwamba hapa Hitchcock alikuwa sahihi. Fikiria kisa kinavyokwenda. Nje ya nyumba kuna dereva wa teksi anasubiri. Hawawezi kumpiga Gromek risasi kwa sababu dereva atasikia. Kimya ndicho kinachowatisha wale wawili jikoni, na ndicho kinachomtisha mtazamaji: kila koleo likigonga mfupa, kila buruzo la kiatu sakafuni, unajiuliza dereva amesikia? Weka pembe 16 juu ya hapo, na dereva anasahaulika. Tena kamera haifichi kitu. Bafuni jicho lilinyimwa. Shambani jicho limeshibishwa. Ile nafasi ambayo Herrmann aliijaza mwaka 1960 haikuwepo mwaka 1966.

Mtu aliyeelewa kimya cha The Birds alishindwa kukielewa hiki. Naona hakukitazama tena kwa macho yake ya kawaida. Alikuwa akipigana vita vya telegramu kupitia kwenye onyesho.

Siku yenyewe

Tukirudi studioni Machi, basi, tunawaona watu wawili waliobeba mzigo tofauti. Herrmann ana muziki ambao hauna mdundo wa vijana, hauna wimbo wa kuuza, na una kipande kwenye onyesho lililokatazwa. Anamsubiri Hitchcock wa 1960 aingie, asikie, abadilike. Anayeingia ni Hitchcock mwenye wakubwa wa studio mgongoni, filamu ya 50, Marnie iliyoanguka, na mtazamaji kijana asiyemjua. Hata kama ufunguzi ule ungemtoa machozi, nani angemwambia Universal kwamba hakuna wimbo?

Herrmann alisimulia baadaye maneno aliyomwambia siku hiyo: kwamba hakuna mtu awezaye kukiruka kivuli chake, kwamba Hitchcock hatengenezi filamu za muziki wa vijana, na kwamba kama anautaka muziki huo, alimwitia nini yeye, asiyeuandika? Ni hoja nzuri sana. Kila neno lake ni kweli. Ilistahili kuandikwa Novemba, kwenye karatasi, wakati Hitchcock bado alikuwa na nafasi ya kwenda nayo kwa wakubwa wake au kumwacha Herrmann aende kwa heshima. Ilisemwa Machi, studio imekodiwa, wanamuziki zaidi ya 50 wanalipwa kwa saa na wanasikiliza.

Hitchcock simsamehi. Alikuwa na hoja, na haki ya kukataa kazi aliyoilipia. Lakini kumkatisha mtu mzima mbele ya wanamuziki wake, mtu aliyeokoa filamu yako, ni kumvua nguo hadharani. Angeweza kuwapa mapumziko, wakatoka wawili nje. Angeweza kuuacha umalizike siku hiyo na kuukataa kesho. Alichokifanya kilikuwa cha mtu anayeogopa wakubwa wake kuliko anavyomheshimu mwenzake. Na kosa lake la ndani zaidi ni kumwagiza mwashi wa mawe ajenge nyumba ya makuti. Alimjua Herrmann kwa miaka 10. Kama kweli alihitaji wimbo wa kuuza, ujasiri ulikuwa kutomwita kabisa.

Kwa upande wa biashara, studio haikupata ilichokifuata. Addison alikuwa mtunzi hodari, mwenye Oscar ya Tom Jones, na alifanya kazi ya haraka na safi. Lakini hakuna wimbo wa Torn Curtain ambao watu wanauimba. Wakosoaji waliipokea filamu kwa ubaridi.

Yaliyofuata

Mwaka 1966 haukuwa umemmaliza Herrmann. Mwaka huohuo, huko London, alirekodi opera yake, Wuthering Heights, kwa fedha zake mwenyewe. Alikuwa ameiandika kati ya 1943 na 1951, na mke wake wa kwanza, Lucille Fletcher, ndiye aliyeandika maneno yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoithamini kupita zote, na hakuna jumba lililoipandisha jukwaani akiwa hai, kwa sababu, kama desturi yake, hakukubali ipunguzwe. Ilikuja kuonyeshwa Portland, Oregon, mwaka 1982. Kuna watunzi wengi wanaoishi hivi: tumbo linalishwa na sinema na televisheni, moyo uko kwenye jukwaa ambalo halijawaita. Sijui kama ndiyo iliyomfanya awe mkali kwenye filamu, lakini mtu ambaye kazi yake ya moyoni imekaa kabatini miaka 15 hawezi kuwa mwepesi wa kukubali kukatwa kwingine.

Vilevile 1966 ndiyo ilipotoka Fahrenheit 451 ya mwongozaji Mfaransa François Truffaut, kwa muziki wa Herrmann. Truffaut alikuwa mpenzi mkubwa wa Hitchcock, amemhoji kwa siku nyingi kwa ajili ya kitabu kizima. Akamchukua mtu aliyekataliwa na bwana wake. Herrmann alihamia London. Akaja mwongozaji kijana Brian De Palma na filamu ya Sisters, kisha Obsession. Vijana walewale ambao Universal ilihofia kuwapoteza ndio waliomtafuta, na walimtafuta kwa sababu ya sauti ileile ya zamani.

Hitchcock naye alihangaika. Kwa Frenzy (1972) alimwita Henry Mancini, yule bingwa wa nyimbo za kuuza. Mancini akaandika muziki mzito, wa giza. Hitchcock akaukataa pia. Mancini alisimulia kwamba aliambiwa: kama ningemtaka Herrmann, ningemwita Herrmann.

Mwisho kabisa akaja mwongozaji Martin Scorsese na filamu ya Taxi Driver. Herrmann alikataa kwanza, eti yeye hajui habari za madereva wa teksi, kisha akasoma mwongozo na kukubali. Muziki wake mkuu humo ni wa saksafoni, wa jazi, wa usiku wa mjini. Mtu aliyefukuzwa kwa kutojua muziki wa wakati wake ndiye aliyeipa New York ya miaka ya 1970 sauti yake. Tena kwa maelezo ya Christopher Palmer, aliyefanya naye kazi hiyo, mwanzo wa wimbo ule wa saksafoni ulitoka kwenye The King of Schnorrers, mchezo wa muziki ambao Herrmann aliuandikia jukwaa mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambao haukwenda mbali. Alimaliza kurekodi tarehe 23 Desemba 1975, akarudi hotelini, akafa usingizini usiku huo. Filamu inaisha kwa maneno ya shukrani yenye jina lake na tarehe zake.

Muziki wa Torn Curtain ulibaki. Elmer Bernstein, mtunzi mwenzake, alikuja kuurekodi ili usipotee. Mwaka 1991 Scorsese alitengeneza upya Cape Fear, filamu ya 1962 ambayo Herrmann aliiandikia muziki, akampa Bernstein kazi ya kuupanga muziki huo wa zamani kwa filamu mpya. Haukutosha kujaza filamu nzima. Pale ulipopungua, Bernstein alichukua vipande vya Torn Curtain, vile vilivyokatishwa pale Goldwyn, akavitia humo, na watu wakakaa kwenye kumbi za sinema wakavisikia. Hitchcock alikuwa amekufa miaka 11 iliyopita, na Herrmann karibu miaka 16.